Lori Juu ya Meza ya Kulia

Nimeendesha malori miaka mingi kati ya Tabora na Kigoma, na mguu wangu wa kulia ulibaki huko huko njiani, kwenye mteremko wa kuelekea Uvinza. Majina sitaji, maana wengine bado tunapeana mikono msikitini, lakini wahusika wanajijua na mimi nawajua. Wa kwanza ni mwenye lori, niliyemwambia breki zimechoka akanijibu nipunguze woga. Wa pili ni utingo wangu. Kuruka aliruka, hilo simlaumu, hata mimi ningeruka. Lakini aliporudi kunitazama nilivyobanwa kwenye kebini, alinivua saa mkononi akaondoka nayo. Wa tatu ni kaka yangu wa tumbo moja, ambaye mimi nikiwa wodini alikwenda Usinge akahamisha mizinga yangu yote ya nyuki, na asali wakaila yeye na wanawe. Chupa moja ya kuonja hakuniletea. Wa nne ni wote waliokuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu na kuniambia nishukuru. Nashukuru, ndiyo. Lakini mwenye miguu miwili asinifundishe.

Basi, hayo yamepita, nimeyasema ili ieleweke kwa nini mtu mzima kama mimi, niliyeishia darasa la nne, nilikaa nikiisubiri kompyuta ya gemu kwa hamu ya mtoto anayesubiri nguo ya sikukuu.

Chanzo ni mpwa wangu, anayetengeneza kompyuta Dar es Salaam. Sikukuu ya Idi alikuja kututembelea hapa Ipuli akanikuta barazani nasikiliza malori yakipita, na kila lori nalisemea: hili gia ya pili inakataa, hili dereva wake ana usingizi. Akanitazama weee, kisha akasema, "Mjomba, kuna gemu la malori. Unashika usukani wa kweli, chini una pedeli, mbele una kioo."

Nikamwambia mimi si mtoto. Akanionyesha kwenye simu. Lori lilikuwa linapanda mlima, mvua inanyesha, waipa zinafuta, indiketa inapepesa. Nikaivuta simu karibu na macho. Nikamuuliza, "Na breki inakamata?"

"Inakamata, mjomba."

Kuanzia siku ile sikutaka kingine. Nilitaka kushika usukani tena na gari linitii.

Maboksi yalikuja na basi. Binti yangu, anayefundisha chekechea na ndiye ninayeishi naye, aliyapanga kwenye meza ya kulia: boksi la kompyuta lenye taa ndani kama duka la simu, skrini pana, usukani wa kubana mezani, na pedeli tatu za kuweka sakafuni. Mpwa alikuwa ameweka kila kitu kwenye flashi moja, ndogo kama kidole gumba. Humo mlikuwa na windo, ile programu kuu ya kuiamsha kompyuta, maana ilikuja tupu. Mlikuwa na kinga ya virusi, na zile programu ndogo wanazoita draiva, ambazo bila hizo kompyuta haizijui hata sehemu zake yenyewe: haijui ina kadi ya picha, haijui ina spika, haijui kuna usukani. Na gemu lenyewe.

Kupiga windo hakukutusumbua. Kompyuta iliuliza maswali kama karani wa mpakani: unatoka nchi gani, unasema lugha gani, unaitwa nani. Binti alijibu kwa sauti ile ile anayojibia watoto wake wa chekechea. Ilipomaliza ikajizima ikajiwasha, na binti akaichomoa flashi ili isianze maswali upya. Akaiweka mezani, karibu na chupa ya chai.

Hapo ndipo alipoingia mtani wangu.

Mtani wangu ni jirani, mama wa Kizaramo aliyeolewa Tabora zamani, anauza maandazi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ile ya miguu, sisi tukibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani akichukua kitu chako, hukipati kwa hasira. Ukikasirika umeshindwa, na mtaa mzima utajulishwa. Unakikomboa. Lakini niseme ukweli, tangu ajali yule mama alikuwa ameuacha utani na mimi. Alikuwa ananisalimia taratibu, kwa sauti ya hospitalini, na kuniulizia hali kwa kichwa kilichoinama. Nilikuwa nimeshamweka kwenye orodha ya wahusika, namba tano.

Siku ile aliona maboksi akajisahau.

"Mwangaluka, wapagazi!" alituamkia kutoka mlangoni, Kinyamwezi cha kukwaruza makusudi. "Mzigo wa nani huo mmeutua?"

"Shikamoo mama," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako kanunua toi?"

"Mtani," nikasema, "hivi ni vitu vya watu wanaojua kutulia. Nyie kwenu ngoma ikilia mnauza shamba."

"Tumeuza, tumecheza, tumeshiba! Nyie mlibeba pembe za ndovu mpaka baharini, mkarudi na nini? Shanga!" Akaona flashi. "Na hiki kidude?"

"Kiache hicho mama," binti akasema haraka, "kila kitu kimo humo."

Mwanangu kasoma, lakini hapo alikosea kosa ambalo mtoto wa Kinyamwezi hapaswi kulikosea. Angemwambia ni kibovu, kingerudi mezani. Mtani alikifutika kifuani, akajifunga khanga vizuri.

"Njooni mkikomboe," akasema, na mlango ukabaki unacheza.

Sikukasirika. Kwa nje, yaani.

Binti akasema asihangaike mtu, tutazivuta draiva mtandaoni. Akaiunganisha simu yake na kompyuta kwa waya. Mtandao ukaingia, tukafurahi, na kabla hajatafuta chochote ile windo ikaanza kujisasisha yenyewe, bila kuomba ruhusa, ikanywa bando lote kama ng'ombe kafika lambo. Namba sita hiyo. Tukabaki na skrini yenye maandishi makubwa, manene, kana kwamba imetengenezewa vipofu, na usukani uliochomekwa lakini umekaa kama sufuria.

Nikampigia mpwa.

"Mjomba, mafaili yale ukiyavuta kwa bando la simu yatafika Idi ijayo," akasema huku anacheka. "Nenda kaikomboe flashi."

"Haiwezekani kuendesha bila hizo takataka?"

"Mjomba, usukani una programu yake. Hiyo ndiyo inahamisha mafuta kutoka pedeli ya kulia kwenda ya kushoto. Bila hiyo, pedeli zinabaki za mwenye miguu miwili."

Alisema hivyo hivyo, bila kuzungusha. Nikachukua magongo yangu.

Sipendi kutembea mtaani kwetu. Watu wananipisha njia hata pale ambapo njia ni pana. Nilifika kwa mtani nikamkuta mbele ya karai, na wateja wamesimama, wengine wamekaa kwenye benchi. Wote wakashusha sauti kwa heshima, ile heshima inayoniudhi.

"Mtani, nimekuja," nikasema. "Taja kuku, taja mchele."

Akageuza andazi, hakunitazama. "Mpagazi kaja mikono mitupu." Kisha akaniangalia, kutoka kichwani hadi chini. "Na mguu mwingine kausahau wapi?"

Mtu mmoja kwenye benchi alisema astaghfirullah. Mwingine akaangalia chini. Mimi nilisimama pale nikahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, nikadhani ni hasira, naijua vizuri hasira. Ilipofika mdomoni ilikuwa kicheko.

"Nimeuweka rehani Uvinza," nikasema. "Wewe utaweka nini? Yako miwili ilikwisha kwenye ngoma, hiyo uliyosimamia ni ya kuazima!"

Mwiko ulimdondoka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na benchi zima likacheka, hata yule wa astaghfirullah. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kuku sitaki," akasema. "Nyie ni wapagazi. Utanibeba mimi. Nasikia ni lori. Basi abiria wa kwanza ni mimi, unifikishe pwani."

"Halifiki pwani, ni la Ulaya."

"Hata huko nitafika."

Akaacha karai kwa dada yake, akaja na flashi kifuani na sahani ya maandazi mkononi. Njiani alinitangulia, hakunisubiri, nikafurahi kwamba hakunisubiri.

Binti aliichomeka flashi, lakini alikataa kuzifungua draiva hivi hivi. Aliweka kwanza ile kinga ya virusi iliyokuwamo, akaipima flashi nzima.

"Mnanipima mimi?" mtani akauliza. "Mimi nimepimwa kliniki, sina kitu!"

Haikuwa na kitu. Zikaanza kuingia draiva, moja moja. Ya kadi ya picha ilipoingia, skrini ikawa nyeusi kabisa, na mtani akapiga kelele, "Mmeiua!" Mimi mwenyewe nilishikilia meza. Kisha ikarudi, na maandishi yalikuwa madogo, makali, kama mtu katolewa mtoto wa jicho. Ya sauti ilipoingia, kompyuta ikalia ting, na andazi likaanguka. Kila baada ya moja, binti alikuwa anaizima na kuiwasha, ingawa mimi niliona ni kuchezea muda. "Baba, tulia," aliniambia, kana kwamba nina miaka minne.

Ya mwisho ilikuwa programu ya usukani. Usukani ukajizungusha wenyewe kushoto, kulia, ukarudi katikati. Mtani akasema kuna jini. Binti akafungua ukurasa wenye mistari mitatu, mmoja kwa kila pedeli, akabofya hapa na pale, mafuta yakaja kushoto mahali pa klachi, breki ikabaki katikati, na pedeli ya kulia akaizima kabisa.

"Kanyaga, baba."

Nikakanyaga kwa mguu wa kushoto. Mstari wa kijani ukapanda. Nikaachia, ukashuka. Nikakanyaga kidogo, ukapanda kidogo, kwa kipimo kile kile nilichotaka. Nilikanyaga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyenihimiza.

Gemu likafunguka. Nikapewa lori jeupe, safi, ambalo mwenyewe hajawahi kumwambia mtu apunguze woga. Mtani akavuta kigoda akakaa kushoto kwangu, kiti cha abiria, akajifunga khanga mara ya pili kana kwamba kuna upepo. Gia zilikuwa za kujibadilisha zenyewe, aibu kwa dereva wa kweli, lakini kwa mguu mmoja nilimeza aibu hiyo. Nikatia mafuta. Lori likaondoka.

Barabara ilikuwa nzuri mno, lami bila shimo, nyasi zimekatwa pande zote, hakuna mbuzi. Nikashika kushoto kama mtu mstaarabu, na magari yote yakaanza kunijia usoni yakipiga honi.

"Baba, huko wanapita kulia!"

"Tangu lini?"

"Mpagazi, unaniua!" mtani alikuwa kashika meza kwa mikono miwili. "Kulia! Kulia!"

Nikavuta usukani, na usukani ukanikazia mkononi, ukapigana na mimi kidogo, jinsi lori lenye mzigo linavyopigana, kisha ukakubali. Tulivuka daraja. Tukapanda kilima, mvua ikaanza, nikawasha waipa. Mtani akaacha kupiga kelele, akaanza kula maandazi na kuniuliza yale ni mashamba ya nini. Nikamwambia ni tumbaku, ingawa sikujua.

Binti alikuwa kainama anasoma ramani pembeni ya skrini. "Baba, geti lile pale, upande wa kulia. Hapo ndipo unaposhusha mzigo."

Nililiona geti. Nililiona vizuri kabisa, na nafasi ya kukata kona ilikuwepo. Nikalipita.

"Umepita!" mtani akasema.

"Najua."

"Watakutoza kwa kuchelewesha, baba."

"Watasubiri," nikasema, nikaongeza mafuta kidogo.