Fundi Aliyegeukia Ukuta

Fundi wa kamera alikuwa na tabia moja iliyomjengea jina kuliko kazi yenyewe. Kamera ikishafungwa, waya zikishafichwa, intaneti ikishashika, ikifika ile hatua ya mwenye nyumba kuandika neno lake la siri, fundi alirudisha drili kwenye begi, akageuka, akaukabili ukuta. Si kwamba aliinamisha macho au kusogea pembeni. Aligeuka mzima mzima, mikono nyuma, kama mtoto aliyepewa adhabu, na hakugeuka tena mpaka aambiwe. Wateja wengine walikuwa wazito, wakaandika, wakafuta, wakaenda kushauriana na wake zao jikoni. Fundi alisubiri. Mtaani kulikuwa na kuta ambazo nyufa zake alizijua kwa idadi.

Watu walimcheka, lakini walimwita yeye. Upande wa pili wa soko palikuwa na fundi mwingine, mwepesi wa mkono na wa bei nafuu, ambaye siku moja alimsifia mama mmoja pazia jipya la sebuleni. Pazia lilikuwa zuri kweli. Tatizo ni kwamba lilitundikwa jana yake, na fundi yule hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu afunge kamera miezi miwili nyuma. Siku hizi anauza ndoo za plastiki.

"Mimi nikitoka, na jicho langu linatoka," fundi wetu aliwaambia wateja.

Hakuishia hapo. Kamera nyingi huwa na kitaa kidogo chini ya kioo, ambacho mafundi wengine hukizima ili wezi wasiione kamera. Yeye alikiwasha makusudi. Picha ikifunguliwa kwenye simu ya mtu yeyote, popote alipo, kitaa kinageuka buluu. "Anayetazamwa ana haki ya kujua," alisema, na alilisema kwa uzito, kama mtu asomaye hukumu.

Sasa, ukweli lazima usemwe, hata kama mwenyewe asingependa. Mtu huyu mwenye kugeukia kuta za watu alikuwa akiutazama ua wa Mkunga kila asubuhi, kwa muda wa miaka miwili, bila ruhusa ya mtu.

Ilianza hivi. Mkunga alikuwa mstaafu, mjane, akiishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye ua wa saruji nyuma. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake siku ya kwanza ya maisha yao, fundi akiwemo. Kwa maana hiyo, kama ni kuonana bila ruhusa, Mkunga ndiye aliyeanza. Alikuwa na mwana mmoja, aliyefanya kazi mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mwana ndiye aliyenunua kamera, akaituma kama kifurushi, akampigia fundi.

Siku ya kufunga, fundi alikuwa juu ya ngazi, chini ya ukingo wa paa, na nyigu waliokuwa na makazi pale kabla yake walimuuma shingoni mara mbili. Kamera ya namna ile haikubali kufanya kazi mpaka iwe na mwenyewe. Fundi akampigia mwana ili aandikishe jina lake.

"Niko kikaoni, fundi," mwana akanong'ona. "Malizia tu, tutaelewana baadaye."

Basi fundi, shingo imevimba, akajiandikisha yeye kama mwenye kamera, kisha akamwingiza mwana kama mgeni, kwa nia ya kubadilisha jioni ileile. Hakugeukia ukuta, maana neno la siri lilikuwa lake, na mtu hawezi kujipa mgongo. Akashuka, akamwonyesha Mkunga kitaa.

"Ikiwa buluu, mama, ujue kuna anayekutazama."

"Nani?"

"Nani tena? Mwanao."

Jioni ilikuja ikapita. Baada ya wiki tatu mwana akapiga simu kulalamika: simu yake inalia mchana kutwa. Nguo zikipepea kwenye kamba, inalia. Paka akipita, inalia. Kamera haikujua tofauti ya paka na mwizi, na kwa paka yule tofauti haikuwa kubwa. Fundi akamwelekeza jinsi ya kuzima ule mlio. Simu ya mwana ikanyamaza moja kwa moja.

Ya fundi haikunyamaza. Aliipangia ilie mara moja tu, mlango wa jikoni ukifunguliwa asubuhi, na akajiambia kwamba huo ni ukaguzi wa vifaa. Saa kumi na mbili na dakika kumi, simu inalia. Fundi anafungua. Mkunga anatoka mlango wa jikoni, kilemba kimefungwa vizuri kama anakwenda harusini, ufagio mkononi. Anafagia kutoka jikoni hadi lango, anarudi, anasimama chini ya kamera, anainua mkono na kuupunga mara mbili hewani.

"Nyigu bado wapo," fundi husema.

"Mkunga ameamka," mkewe hujibu kutoka upande wa pili wa kitanda, na huenda kubandika chai. Saa nyumbani kwao ilikuwepo ukutani, lakini hakuna aliyeitegemea.

Mama mzazi wa fundi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya kamera ile. Hakuna haja ya kuzunguka mbuyu: fundi alipenda kumwona mama mzee akitoka mlangoni akiwa mzima. Siku ikianza hivyo, ilianza vizuri. Alikuwa akiona aibu pia, na alijua dawa yake ni dakika tatu za kubonyeza simu, lakini kila alipotaka kubonyeza aliahirisha hadi kesho. Mganga hajigangi.

Kisha ikaja Jumanne moja ambayo simu haikulia.

Saa kumi na mbili na robo, fundi alikuwa amekaa kitandani. Mtu akikosa ujasiri huomba, au hunywa maji. Fundi hukagua vifaa. Alikagua kama kamera iko hewani: iko hewani. Alikagua kama kadi ya kumbukumbu imejaa: haijajaa. Alifungua picha, akaona ua mkavu, majani mawili, ufagio umeegemea ukuta, mlango wa jikoni umefungwa. Paka alikuwa amekaa mbele ya mlango ule, anautazama.

"Mkunga hajaamka leo," alisema mkewe.

"Labda amechoka."

"Kwa miaka miwili hajachoka, achoke leo?"

"Nikienda wataniuliza nimejuaje."

Mkewe alimtazama. Alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka ishirini na mbili, na alimjua mpaka mahali ambapo kamera haifiki.

"Mficha uchi hazai, mume wangu. Nenda."

Fundi akaondoka. Alibeba ngazi, ili akiulizwa njiani aseme anakwenda kazini, ingawa saa ile hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza chochote. Njiani hesabu zote zilimjia. Akimkuta mzima, atasema nini? Akimkuta si mzima, atawaambia nini watu? Jina alilolijenga kwa miaka kumi na moja, ukuta kwa ukuta, lingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Aliziona ndoo za plastiki, zimepangwa kwa rangi.

Aligonga lango. Kimya. Akagonga tena, akaita, na kwa mbali akasikia mlio wa bati, taratibu, kama mtu anayegonga mfuniko wa sufuria sakafuni. Fundi hakuhesabu tena. Aliegemeza ngazi ukutani, akaruka ndani ya ua, akampita paka, akavunja komeo la dirisha la jikoni kwa bisibisi, na akaingia kichwa kwanza.

Mkunga alikuwa amelala sakafuni kando ya jiko, kilemba kikiwa kichwani, mguu mmoja umekaa vibaya. Mkononi alishika mfuniko.

"Umevunja dirisha langu," alisema.

"Samahani, mama."

"Mguu umevunjika juu, kwenye nyonga. Usinivute. Tafuta mlango, au ubao, na watu wanne. Wasio na papara." Alikuwa mtu wa kazi, na maumivu hayakumwondolea kazi. Kisha uso wake ukalegea, akatabasamu. "Kumbe amekutuma."

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Nilipoanguka nikajisemea, nisiwe na wasiwasi, leo ataona sijatoka. Kila asubuhi taa inakuwa buluu, nami nampungia. Hajawahi kukosa hata siku moja, fundi. Na kazi zake zote zile!"

Fundi alisimama pale na bisibisi yake. Kamera haijioni; katika miaka miwili hakuwahi kukiona kitaa kile kikigeuka buluu kwa ajili yake, na hakuwahi hata kukifikiria. Hakukuwa na nyigu yeyote.

"Ndiyo, mama," alisema. "Alinipigia."

Akaenda kutafuta ubao na watu wanne.

Mwana alifika kesho yake jioni, vumbi la safari likiwa bado viatuni. Wodini alikuta mama yake amekwishamaliza kuwasimulia wagonjwa wote, wauguzi wawili, na mfagizi.

"Huyu ndiye," alisema Mkunga. "Niliyewaambia. Yuko mbali, lakini hainipiti asubuhi bila yeye kunitazama."

Wagonjwa wakamtazama kwa heshima. Mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye wanawe watano waliishi mtaa uleule na hakuna aliyekuja, alipangusa macho. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha miguuni, anakagua kamba za viatu vyake.

Walipofika koridoni, mwana akamshika mkono.

"Fundi, mimi sikukupigia."

"Najua."

"Ulijuaje basi?"

Fundi angeweza kusema alikuwa anapita. Mtu mwenye ngazi anaweza kupita popote. Lakini alikuwa amekwisha kudanganya mara moja wiki ile, na kwa hesabu yake ilitosha. Akaeleza yote: nyigu, kikao, jina la mwenye kamera, mlio wa saa kumi na mbili na dakika kumi.

"Miaka miwili," alisema mwana, "unamtazama mama yangu?"

"Kila siku."

"Wewe? Si wewe unayegeukia ukuta?"

"Ni mimi."

"Unajua nikilisema hili mtaani hutapata hata kazi ya kufunga balbu?"

"Najua. Sema, una haki. Nakuomba kitu kimoja tu, ndugu yangu. Waambie wote, mama usimwambie. Anajua taa ile ni wewe. Usimnyang'anye."

Mwana alikuwa na maneno mengine tayari, makali, yameshafika kwenye meno. Alikaa kwenye benchi, kati ya mtu mwenye bandeji kichwani na ndoo ya mfagizi.

"Huwa ananipungia?" aliuliza.

"Kila akimaliza kufagia. Mimi nilidhani anafukuza nyigu."

Mwana akainamisha kichwa. Mwenye bandeji akasogea kidogo kumpa nafasi, akidhani amefiwa.

Mtaani mwana hakusema lolote. Angesema vipi? Kila aliyekutana naye alimshika mkono na kumpongeza kwa jinsi anavyomjali mama yake, na fundi wa samani alikataa kumtoza kwa kutengeneza dirisha. Alipokea pongezi zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemeza vidonge bila maji.

Siku tatu baadaye, kabla ya kupanda basi, alimwita fundi nyumbani kwa mama yake. Walisimama wawili chini ya ukingo wa paa. Fundi akajifuta kwenye kamera ile mbele ya macho yake, akamwonyesha simu ili ahakikishe hakuna kilichobaki, akaizima na kuiwasha kamera upya, na kumwandikisha mwana kama mwenyewe halali. Ikafika hatua ya neno la siri.

Fundi akarudisha bisibisi kwenye begi, akageuka, akaukabili ukuta, mikono nyuma. Ukuta ule ulikuwa na ufa mmoja tu, umeanzia kwenye alama ya kiota cha nyigu kilichokauka zamani, ukashuka mpaka kwenye bomba. Nyuma yake alisikia kidole kikibonyeza, kikisita, kikibonyeza tena. Kisha kimya. Aliufuata ufa kwenda chini na kupanda nao, na bado hakuambiwa ageuke.

"Fundi."

"Naam."

Mwana alikohoa.

"Akishapona, akirudi... huwa anatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika kumi," fundi aliuambia ukuta. "Jumapili huchelewa kidogo. Usifunge picha kabla hajapunga."