Nilivyoukimbilia Ufunguo wa Paa

Nilienda Mombasa kutafuta ufunguo. Jengo letu hapa mtaani Pipeline lina orofa nane, na sisi akina mama sita tulikuwa tukifanyia mazoezi ya kukimbia kwenye ngazi, alfajiri, tukipigana vikumbo na watu wa kwenda kazini. Tulitaka kuhamia juu ya paa. Keateka wetu, mwangalizi wa jengo, Mzee Njoroge, akakataa. Ufunguo aliutundika kwenye msumari mlangoni pake. Nilipomsumbua sana akanicheka.

"Mama Kevo, kupanda ngazi si kukimbia. Niletee medali ya nusu marathoni, nikupe ufunguo."

Mimi nikiambiwa siwezi, silali. Nikajiandikisha mbio za Mombasa.

Jumamosi jioni nilishuka treni na kupokewa na Bi Zuhura, shangazi yake jirani yangu. Alinilisha wali wa nazi, akaniambia njia yote inafuata bahari na ni tambarare tupu. Nikajiona nimeshamaliza.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, tulianza. Atakayepitisha saa tatu hapati medali. Barabara haikuwa na kilima hata kimoja, na miguu yangu ilishangaa kukosa ngazi. Lakini lile joto, jamani!

Kilomita ya tano palikuwa na meza ya maji. Wenzangu walipiga funda moja, wakatupa kikombe na maji yake. Roho iliniuma. Kwetu maji tunayabeba kwa mitungi hadi orofa ya nane, hayamwagwi ovyo. Nikasimama, nikanywa mpaka tone la mwisho. Meza ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikanywa changu na kingine kilichoachwa nusu. Tumbo likajaa, likawa linacheza, na wazee wa kunizaa wakanipita.

Kilomita ya kumi na tano nilikuwa natembea, nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Mzee Njoroge. Bi Zuhura alikuwa amesimama kando ya njia na kikombe mkononi. Nilipokiinua ninywe, akanishika mkono.

"Mwanangu, umeshakunywa ya kutosha. Haya jimwagie kichwani, uende zako."

Nikajimwagia. Maji safi, yote, yakatiririka hadi viatuni. Niliona kama nimeiba, na nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Nikakimbia.

Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika nne. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Jumatatu nilirudi Pipeline, medali shingoni tangu kituoni. Nimejifunza kwamba ngazi zetu zinafunza miguu vizuri kabisa. Kilichobaki ni kujua lini uyanywe maji na lini uyamwage. Mzee Njoroge aliishika medali, akaigeuza mara mbili, akautungua ufunguo, akanipa.

Msumari ukabaki mtupu. Nikaitundika medali yangu pale, nikamwambia ataniona nikija kuichukua siku nitakayorudisha ufunguo.

Mpaka leo medali iko mlangoni pake, na kila alfajiri anasikia miguu ya akina mama sita juu ya paa.