Jumapili Tuliyokwenda Meksiko Bila Pasi

Juzi nilinunua kamba ya mkonge dukani hapa Kimbo, ya kufungia mbuzi, na kabla sijalipa nikainusa. Mwenye duka alinitazama akidhani nimeanza kuzeeka vibaya. Mwache adhani. Kamba kavu haina harufu kubwa, lakini ukiipa pua nafasi utapata, chini kabisa, ule uchachu wa majani yaliyopondwa yakaachwa majini. Harufu hiyo ilikuwa kwenye nywele za mama, kwenye uji na kwenye blanketi letu, miaka ile ya hamsini tulipoishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge nje ya Thika.

Hatukuwa watu wa pale. Kwetu kulikuwa kilimani upande wa Ruiru, kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa baba, Cucu Nyambura, ambaye mimi nilipewa jina lake. Hali ya Hatari ilipotangazwa baba alipelekwa kizuizini, kisha asubuhi moja sisi tuliobaki tukaamriwa kuhama kabla uji haujapoa. Cucu alipandishwa lori la mbele pamoja na wazee wengine. Mimi na mama tulipanda la nyuma, lililochelewa kuondoka, ndiyo maana tuliwaona askari wakizitia moto nyumba zetu. Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Sikulia. Nilitazama paa likiwaka huku nikiwaza kwamba nimesahau kikombe changu cha bati, na hata hicho sikukisikitikia sana.

Mama alimwambia Cucu kwamba nyumba imefungwa tu, na kwamba kuna mama mmoja aliyeruhusiwa kubaki anayemtunzia moto wake chini ya majivu. Alikuwa na sababu ya kudanganya. Kwa desturi yetu, mtu akihama huchukua moto wa nyumba ya zamani akawashia nyumba mpya, na mtoto ndiye huubeba. Moto wa kiberiti ulifaa kuwashia sigara, lakini haukufanya chumba kuwa nyumba. Basi Cucu alikataa katakata moto kuwashwa ndani ya chumba tulichopewa. Mama alipika nje, kando ya ukuta, na Cucu alikaa ndani juu ya gunia, mbele ya mafiga matatu yasiyo na jivu, akidonoa chakula na kukirudisha. Kila alipoulizwa alisema anangoja pasi, kibali cha serikali cha kwenda Ruiru kuchukua moto. Mimi ndiye ningeubeba; aliniahidi hivyo. Pasi haikutoka, na Cucu alikonda mpaka bangili yake ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko. Mama aliogopa kwamba atakufa kwa kungoja. Aliogopa pia kwamba pasi ingetoka.

Wakati huo akaja padri mgeni, mzungu mzee mwenye kicheko cha karibu, ambaye kabla ya kuletwa Kenya alikuwa amekaa Meksiko miaka mingi. Alikuwa na mashine ya kutupia picha ukutani, akatangaza kwamba Jumapili baada ya sala atatupeleka sote huko. Shamba zima lilicheka. Ruiru, ambako mtu angefika kwa miguu, kulitaka pasi, lakini Meksiko unakwenda hivihivi. Jirani yetu Mwende, mama Mkamba aliyeanika mkonge pamoja na mama yangu, alijipaka mafuta miguuni akisema hawezi kwenda ng'ambo na miguu mikavu. Cucu naye alikuja, jambo ambalo hatukulitarajia.

Tuliketi stoo, juu ya marobota, madirisha yamezibwa kwa magunia ili jua lisiingie. Shuka lililotundikwa ukutani likang'aa, na mji ukatokea juu ya mlima. Padri alituonyesha barabara za mawe, makanisa yenye minara miwili, na nyumba zenye matao zilizojengwa na wazungu waliotoka Spania. Alisema mkonge wetu ulitoka nchi hiyohiyo, na mama akanong'ona kwamba angejua angekuja na fimbo. Watu waliguna kwa mshangao kila picha ilipobadilika. Mimi nilikuwa na ganzi. Siku hizo mambo mengi yalinipita hivyo, mazuri kwa mabaya.

Kisha akaweka picha za mji wa kale zaidi, ulio nje kidogo ya ule wa matao. Ngazi kubwa za mawe zilipanda zikaishia hewani. Kuta hazikuwa na paa. Nyasi zilikuwa zimemea mlangoni na ndani. Hapo Cucu akauliza jambo kwa Kikuyu. Mama akalisema kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Mama anauliza, wenye hii nyumba walipelekwa wapi?"

Padri alijibu kwamba hakuna ajuaye kwa hakika, waliondoka tu, zamani sana. Watu walinung'unika. Hakuna aliyeamini pale kwamba mtu anaweza kuacha nyumba ya mawe akaondoka tu. Padri alitaka tustaajabie ukale wake, na sisi tulikuwa tukitafuta mahali lori liliposimama. Cucu akauliza tena, na safari hii mama alikawia kufasiri mpaka Mwende akamgusa kwa kiwiko.

"Anauliza, na moto yao nani alibeba?"

Padri hakuelewa. Alieleweshwa na mwalimu wa katekisimu, akafikiri, akasema kwa upole kwamba moto wao ulizimika. Kisha, labda kwa kutuonea huruma, akaruka picha kadhaa akaonyesha mwanamke aliyepiga magoti chini ya ukuta wa kanisa, akioka vibapa vya unga wa mahindi juu ya mawe matatu yanayofuka moshi. Huyu, alisema, ni mjukuu wa mjukuu wa wale waliozijenga zile ngazi. Cucu akainuka, akaenda mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikaifunika nusu ya picha. Akauliza huyu naye moto aliupata wapi.

Padri akacheka. "Kwa jirani, mama. Nadhani aliomba kwa jirani."

Watu wote wakacheka isipokuwa Cucu. Alibaki amesimama pale akiutazama ule moshi mpaka picha ikabadilishwa.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya mkonge. Cucu alitafuta kigae cha chungu, akakipangusa vumbi, akanipa.

"Nenda kwa Mwende. Mwambie naomba moto."

Nilikwenda nikarudi na makaa. Aliyapanga mwenyewe katikati ya mafiga, akayapuliza mpaka moshi ukamtoa machozi, akabandika mahindi na maharagwe, akaponda, akanipakulia mimi kwanza. Mama aliporudi kutoka kisimani alisimama mlangoni, nyuzi za mkonge zikiwa bado kichwani, akaanza kulia. Nilishangaa. Si ndicho alichokuwa akikiomba kwa Mungu?

Cucu hakugeuka. Alikuwa akikwangua chungu.

"Nyamaza," alimwambia. "Hata sisi wa lori la mbele tuliuona moshi."

Mama akaketi chini palepale. Mimi sikuhisi kitu ila shibe, nikaona Cucu amepona. Mtu anayepika amepona, ndivyo nilivyojua. Nilikuwa mtu mzima, nimezika wangu kadhaa, ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akijua tangu siku ya kwanza, na kwamba nyumba yake iliendelea kusimama muda wote aliokataa kuwasha moto. Jioni ile aliizika. Wao wawili walikuwa kwenye matanga, na mimi nikasukuma bakuli mbele nikaomba niongezewe.