Bia ya Uhispania, Moto au Baridi

Jumamosi, katika duka moja la Erdington, huku Uingereza, Wakenya wawili walikuwa wakibishana mbele ya bia rahisi za Uhispania. Mmoja alishika kopo la njano, mwenzake la buluu. Mwenye la njano angempokea baba mkwe kutoka Nakuru jioni hiyo, na hakutaka kuaibika.

"Boss, hiyo ni maji matupu," alisema wa buluu.

"Uliinywa moto?"

"Ya friji."

"Basi hujaionja. Mzee hunywa moto, bia isiyojua friji. Ikiwa baridi, hata mbaya inapita."

Niliingilia bila kualikwa. Niliwaambia nilizionja zote mbili moto, meza moja na marehemu mke wangu. Ya njano ina ladha ya shayiri. Ya buluu, ubaridi ukiisha, huacha uchungu wa dawa.

Mwenye la njano alibeba katoni nzima. "Asante, mzee. Na mama alipenda ipi?"

"Hiyo hiyo. Moto."

Msomaji, bia rahisi ionje ikiwa moto, haitakudanganya. Mimi nilinunua makopo mawili ya njano. Nyumbani niliweka moja kwenye friji, la pili kabatini, kama mke wangu alivyopenda.