Shikamoo ya Nyuma ya Ua

Kijana aliyemvunja mama yangu mkono alikuwa na adabu kupita kiasi. Alipotoka kwa dhamana, alianza kupita nyuma ya ua wetu wa minyaa, hapa Mandewa, kila asubuhi mama akichambua mlenda kwa mkono mzima uliobaki. Anasimama, anasema taratibu, "Shikamoo bibi."

"Marahaba," mama anajibu, kwa sauti inayozidi kufifia.

Mimi napandwa na hasira. "Mama, unamwitikiaje mtu aliyekunyang'anya mbuzi?"

"Nimeamkiwa, mwanangu. Nisiitikie, mimi kichaa?"

Jioni ile ya wizi, mama peke yake ndiye aliyemwona usoni. Bila yeye hakuna kesi, na kijana alilijua hilo. Angetukana, ningejua pa kuanzia. Shikamoo unaishtaki wapi? Niliogopa, sioni haya kusema. Nikawa naegemeza mchi mlangoni jua likiwa bado juu.

Mwishowe nilimpeleka mama polisi, dawati la jinsia. Waliokaa kwenye benchi waliangua kicheko waliposikia tumekuja kumlalamikia mtu kwa kuamkia. Askari wa kike hakucheka. Alimwamkia mama kwanza, kisha akauliza, "Bibi, kabla ya kesi alikuwa anakuamkia?"

Mama alifikiri. "Hakuwahi hata siku moja."

"Basi anakutisha usitoe ushahidi. Nitamweleza mwendesha mashtaka, aiombe mahakama imkataze kukusogelea."

Mahakama ikamkataza, ikasema akirudia, dhamana inafutwa. Ua ukawa kimya. Mama akaanza tena kuimba nyimbo zake za Kinyaturu, nami nikaurudisha mchi kwenye kinu.

Asubuhi ya ushahidi, tukisubiri bajaji uani, sauti ikatoka nyuma ya minyaa. Haikuwa ya kijana. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima tusiyemjua.

"Shikamoo bibi."

Midomo ya mama ilifunguka kwa mazoea, ikafungika.

"Shikamoo bibi," ikarudia, karibu zaidi.

Mama alinishika mkono tukatoka bila kuitikia. Mahakamani alisema yote, na kijana akafungwa. Nilijivunia sana.

Mwenye sauti ile hatujamjua mpaka leo. Siku hizi hata wajukuu wakimwamkia wakiwa nje ya ua, mama anaacha kuchambua mlenda, anauliza kwanza, "Wewe nani?"