Chumba cha Mbuzi

Nilipokuwa mtoto, mdogo wangu alikuwa mbuzi. Sifanyi utani. Katika ua wetu wa mtaa wa Rwezamenyo ilikuwa marufuku kumwita kitu kingine, na aliyeweka marufuku hiyo alikuwa Bibi, mama yake baba, mwanamke ambaye ukibishana naye unachoka wewe, yeye hachoki.

Mdogo wangu alizaliwa njiti, mwaka ambao vita ilikuwa bado ni habari za kaskazini, za kusikiliza redioni. Walimweka kwenye kuvezi, lile sanduku la kioo la kuwatia joto watoto waliotangulia wakati wao, na Mama akahamia hospitalini. Huko alikuwa akijikamua maziwa na kumlisha tone kwa tone kwa mpira mwembamba uliopita puani. Mimi niliruhusiwa kumwona mara moja tu, kwa mbali, na nilichokiona ni mguu. Ulikuwa mwembamba kama kidole changu. Niliupenda mguu ule hadi nikashindwa kula.

Akaanza kunyonya mwenyewe. Sista aliyesimamia wodi, mtawa mrefu asiyecheka ovyo, akamwita Baba akamwambia kikohozi kimeingia wodini, na mapafu ya huyu mtoto hayawezi kukihimili. Atoke haraka. Lakini hatoki kwenda kwenye nyumba ya moshi. Alitaka chumba cha peke yake, kikavu, chenye joto, imbabura, lile jiko la mkaa, ikae mbali, na wageni wasiingie kumbusubusu. Na angekuja mwenyewe kukiona kabla ya kumruhusu, maana alishawahi kudanganywa na wazazi.

Chumba kilikuwepo: stoo ya pembeni, ambamo Bibi aliweka mkaa. Baba, aliyekuwa fundi cherehani, alifunga kazi mapema siku hiyo, akatoa magunia, akafagia, akatundika chandarua kidogo alichokishona mwenyewe. Asubuhi tulipoamka magunia yalikuwa yamerudi mahali pake, na chandarua kimekunjwa vizuri juu ya cherehani.

"Mama," Baba alisema, "mtoto atalala wapi?"

"Mtoto gani?" Bibi alijibu, akiendelea kuchambua maharage.

Mtoto gani! Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo nasikia joto masikioni. Nilishona nepi kwa mabaki ya vitambaa vya Baba, nikazikuta jikoni zinashikia masufuria ya moto. Nilileta beseni la kumwogeshea, likaloweka mihogo. Baba akitoa magunia, Bibi anarudisha. Wala hakugombana na mtu. Alikuwa akifanya kazi yake taratibu, akitia bismillahi, kama mtu anayefua nguo. Na sisi tunajua kule wodini watoto wanakohoa.

Sababu yake tuliijua. Kabla yangu Mama alizaa wawili, na wote walitandikiwa kitanda na kufumiwa kofia kabla hawajaletwa nyumbani, na wote hawakuletwa. Bibi aliamini kifo kinapita mitaani kinasikiliza, na nyumba inayojiandaa kwa sauti kubwa ndiyo inayokiita. "Mara mbili tulitandika," alikuwa akisema, "mara mbili tukakunja. Safari hii hatutandiki."

Baba akamwambia huo ni ushirikina, na shehe akisikia itakuwa aibu. Bibi akamtazama kwa huruma. "Mungu simdanganyi," alisema. "Mungu anajua kila kitu. Nadanganya wengine."

Basi siku moja, Baba alipokuwa ameshakaa chini na kushika kichwa, Bibi mwenyewe akatoa shauri. Akasema tatizo letu ni mdomo. Ikiwa tunakitaka chumba, tukitake kwa ajili ya mbuzi. Nani atamwonea mbuzi kijicho? Kifo gani kitahangaika kuja Rwezamenyo kwa ajili ya mbuzi?

Haya. Kuanzia hapo mwanamke yule akafanya kazi ambayo wanaume wawili wasingeifanya. Alihamisha mkaa, akaziba nyufa, akapaka chokaa kuta zote, akahamishia imbabura nyuma ya nyumba. Kisha, ili uongo ukamilike, akaweka fungu la majani mabichi kwenye kona na kutundika kamba ya mbuzi mlangoni. Akatangaza kwa majirani kwamba tunaletewa mbuzi kutoka kwa ndugu zetu wa Rwamagana. Majirani wote walijua, na wote walikubali. Mama Kayitesi, Mkatoliki tuliyepakana naye ukuta, ambaye binti yake ndiye alikuwa rafiki yangu, alikuwa akichungulia kila asubuhi na kuuliza bila kutabasamu, "Mbuzi amenyonya?" Bibi anajibu amenyonya, alhamdulillahi.

Mimi nilionywa peke yangu. Neno mtoto lisitoke kinywani mwangu ndani ya ua ule, hata kwa bahati mbaya, hata nikiota. Nikaapa.

Sasa sikilizeni ujinga uliotupata. Sista akaja bila kuarifu, mchana, Baba yuko kazini. Alitukuta mimi na Bibi tu. Alitazama chokaa akaridhika. Alipima moshi kwa pua yake, akaridhika. Kisha akaona majani, akaona kamba, akauliza ni vya nini.

"Ya mbuzi," Bibi akasema.

Sista akauliza, kwa upole ambao ulikuwa umeanza kuisha, mtoto atalala wapi.

Bibi akanyoosha mgongo, akamkazia macho. "Hapa hakuna mtoto. Iko mbuzi tu."

Nilisimama pale na maneno yamenijaa mdomoni kama ugali wa moto, siwezi kumeza siwezi kutema. Nilikuwa nimeapa. Nilimvuta Bibi kanga, akanipiga kofi mkononi. Sista alituaga kwa adabu akaondoka, na nilijua kabisa anakwenda kusema nini.

Jioni Baba alirudi na habari kwamba Mama amelia mpaka maziwa yamekauka. Sista amekataa. Amesema hawezi kumtoa mtoto wa mapafu yale akalale na mnyama, kwenye nyumba ambayo hata mwenye nyumba hamtambui. Na kitanda cha pili kutoka kwa Mama, mtoto mwingine ameanza kukohoa. Baba hakumpigia mama yake kelele. Alichukua ndoo akaipiga teke mpaka ukutani, akaenda kuiokota, akairudisha. Bibi aliendelea kuchambua mchele, lakini niliona anatupa mchele na kubakiza mawe.

Kesho yake nilimwomba Baba anipeleke. Njia nzima nilikuwa na hasira na wote: na Bibi kwa ubishi wake, na sista kwa kutokuelewa, na Baba kwa kupiga ndoo teke badala ya kusema. Marufuku ilikuwa ya ndani ya ua. Hospitali haikuwa ua wetu. Nilimkuta sista kwenye korido, nikamwambia kwa Kinyarwanda, haraka haraka kabla sijaogopa, kwamba mbuzi ni yeye. Mdogo wangu ndiye mbuzi. Mbuzi mwingine hayupo.

Alinitazama. Ndipo akaniambia kwamba jina la utawa alipewa ukubwani. Nyumbani kwao, kwa kuwa waliomtangulia walikufa, walimpa jina ambalo maana yake ni kitu cha kutupwa jalalani, na mama yake aliliita jina hilo kwa mapenzi mpaka alipofariki.

"Jana ungesema," alisema, na hapo nusura nilie kwa uchungu, maana jana ndipo nilipotaka kusema.

Akamruhusu, kwa sharti majani yatoke. Majani yakatoka. Kamba Bibi alikataa kuitoa, na Baba alikuwa amechoka kubishana. Mama alipoingia uani na furushi la kitenge kifuani, hakuna aliyepiga kigelegele. Bibi alifunua pembe ya kitenge, akachungulia, akasema mbuzi amefika, apelekwe ndani asipigwe na upepo. Msikitini na shuleni mdogo wangu ni Idrisa. Nyumbani akabaki Kambuzi.

Alikuwa anakimbia uani, ana miaka miwili, vita ilipoacha kuwa habari za redioni. Sitaueleza mwaka ule hapa. Nitasema tu kwamba Kayitesi alirushwa na mama yake juu ya ukuta, akatua kwetu, na mama yake hatukumwona tena. Bibi alimlaza kwenye chumba cha pembeni, akamfunika kwa magunia. Walipokuja wauaji na mapanga yao, mchana kweupe, Bibi alikuwa amekaa kigodani mlangoni pa chumba kile, kamba inaning'inia juu ya kichwa chake. Wakamuuliza mtoto wa jirani yuko wapi. Bibi akanyoosha mgongo. Aliwatazama kama alivyomtazama sista.

"Hapa hakuna mtoto. Iko mbuzi tu."

Walitazama kamba, wakatazamana. Mmoja wao nilimjua, alikuwa akileta suruali kwa Baba. Wakaondoka.

Sijui kama kifo kile cha kwanza, cha hospitalini, kina masikio. Nimesoma, ni mtu mzima, nimezaa, na bado sijui, na kutokujua huko kunaniudhi. Ningependa kusema Bibi alikosea, kwa sababu alitutesa, na mdogo wangu alikaribia kubaki wodini kwa ajili ya kamba. Lakini uongo ule alikuwa ameufanyia mazoezi mbele ya mtawa mkali, na ulipohitajika haukumtetemesha sauti. Bibi amelala makaburini sasa, na hasira yangu kwake sijaimaliza. Nimezeeka nayo, nimeizoea.

Kayitesi anaishi ng'ambo. Kila Idi ananipigia simu, na kabla ya salamu anauliza kuhusu mdogo wangu, ambaye ni dereva wa lori mwenye kitambi: mbuzi hajambo?

Nami namjibu, "Mbuzi gani?"