Kocha Anayenusa Viatu

Kocha wetu wa Muyinga hanunui kiatu cha mtumba kibandani kwangu bila kukunja soli mara tatu na kukinusa, kama mtu anayechagua samaki; nami kila akinusa napandisha bei. Filimbi yake ameifunga kwa kamba ya kiatu, na sauti imemkauka kwa kumbembeleza patron, mwenye timu na mwenye maharage. Tangu amani irudi, patron hutoa lori la kwenda Gitega kwa masharti mawili: wachezaji wakae juu ya magunia ya maharage anayopeleka sokoni huko, na mpwa wake Husni, anayekimbia kama amebeba ndoo ya maji, avae namba tisa. Safari iliyopita ilikuwa tukifungwa tunashuka daraja. Kocha alipigapiga gunia kwa kiganja, polepole.

“Patron, sisi tukiwa uwanjani, haya maharage pale sokoni nitaachia nani? Hawa wengine si ndugu zako.”

Patron akakuna kidevu. “We Husni, utabakia na mizigo.”

Tulishinda moja bila. Jana kocha alikuja tena, akakunja kiatu, akakinusa, akakirudisha.

“Mechi ya Jumapili iko hapa hapa Muyinga, ndugu yangu. We huna kitu ya kulindwa na Husni?”